Dawa za akili na za kifafa: mwambie muuguzi kabla ya kupanga uzazi

Katika hospitali nyingi za umma, kliniki ya kupanga uzazi iko chumba kimoja na kliniki ya afya ya akili iko chumba kingine, mara nyingi siku tofauti za juma, na kila moja ina daftari lake. Mwanamke anayehudhuria zote mbili anajulikana huku kama mama wa kijiti na kule kama mgonjwa wa Jumanne. Huenda asiulizwe huku kuhusu kule. Naye hasemi, kwa kuwa haoni mambo haya yanahusiana vipi, au kwa kuwa foleni iko karibu na hataki watu wa kijijini wasikie kwamba anatumia dawa za akili.

Yanahusiana. Zipo dawa za akili na za kifafa zinazopunguza nguvu ya homoni za kupanga uzazi, hata mwanamke akashika mimba ilhali kijiti kiko mkononi. Zipo homoni zinazopunguza nguvu ya dawa, hata degedege likarudi au hisia zikaanza kupanda na kushuka upya. Na ipo dawa moja ambayo haiharibu njia yoyote ya kupanga uzazi, lakini mimba ikiingia bila kupangwa, mtoto ndiye anayeumia.

Tuseme mapema, ili mtu asiende nyumbani na hofu: dawa nyingi za akili hazipunguzi nguvu ya njia za kupanga uzazi. Fluoksetini na amitriptilini zinazotolewa kwa msongo wa mawazo uliopita kiasi, haloperidoli, risperidoni, olanzapini, sindano ya Modecate, lithiamu: hizi zote unaweza kuzitumia pamoja na tembe, sindano, kijiti au koili na njia hiyo ikafanya kazi yake. Tatizo liko kwa dawa chache, ila chache hizo zinatumiwa na watu wengi.

Ini linapofanya kazi kupita kiasi

Ini ndilo linalovunjavunja dawa mwilini. Lina vimeng'enya vinavyokata dawa vipande vidogo mpaka itoke, na kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti hupangwa kwa kuhesabu kasi ya kawaida ya kazi hiyo. Baadhi ya dawa huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi. Inayojulikana zaidi ni kabamazepini, ambayo wengi huiita kwa jina la Tegretol. Hutolewa kwa kifafa, na pia kwa baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda juu sana kisha kushuka chini sana. Nyingine ni fenobabitoni na fenitoini, dawa za miaka mingi za kifafa. Okskabazepini imo kwenye kundi hili, na topirameti pia, hasa kiwango kikifika miligramu 200 kwa siku au zaidi.

Hapa Kilifi jambo hili lina uzito wake. Kifafa kimechunguzwa na watafiti wa KEMRI katika kaunti hii kwa miaka mingi, na wakazi wa Ganze, Magarini na Kaloleni wanajua familia zenye mtu anayemeza dawa hizi kila siku. Wengi wa wagonjwa hao hufuatiliwa kwenye kliniki ile ile ya afya ya akili, ndiyo maana makala haya yanawataja pamoja, ingawa kifafa ni ugonjwa wa ubongo na si wazimu. Wala si pepo.

Ini likishaamshwa halichagui. Linavunja Tegretol na linavunja homoni za kupanga uzazi kwa kasi hiyo hiyo. Tembe za kumeza kila siku, ziwe za homoni mbili au za homoni moja, hupungua nguvu. Kijiti nacho kimeundwa kitoe homoni kidogo kidogo kwa miaka: Implanon kwa miaka 3, Jadelle kwa miaka 5. Kidogo hicho kinatosha kabisa kwa mwanamke mwenye ini la kawaida. Kwa anayetumia kabamazepini kinaweza kushuka chini ya kile kinachohitajika, na hakuna dalili itakayomwonya. Kijiti kiko pale pale, anakigusa chini ya ngozi, na mimba inaingia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba kwa mwanamke anayetumia dawa hizi, tembe kwa kawaida zisitumike ikiwa ipo njia nyingine inayofaa. Kwa kijiti halijakataza, ila linaonya kwamba nguvu yake huenda ikapungua. Uingereza wana msimamo mkali zaidi; madaktari wao humshauri mwanamke kama huyu achague njia nyingine. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mama aliye mbali na hospitali, ambaye mimba isiyopangwa ingemweka pabaya, afadhali afuate ushauri huo mkali.

Basi achague nini? Sindano ya Depo, ile ya kila miezi 3, haiathiriwi. Hubeba homoni nyingi kiasi kwamba hata ini lenye haraka haliimalizi kabla ya tarehe ya kurudi, na hakuna haja ya kuisogeza karibu. Koili ya shaba haina homoni yoyote, kwa hivyo ini halina la kuvunja; ile ya T 380A hukaa miaka 10 au zaidi. Koili yenye homoni pia inafaa, kwa sababu homoni yake hufanya kazi ndani ya mji wa mimba kwenyewe. Koili ina sifa mbaya vijijini, kwamba inapanda mpaka moyoni, kwamba mume ataumia. Haipandi moyoni. Hakuna njia kutoka mji wa mimba kwenda huko.

Jambo moja husahaulika. Daktari akikuondoa kwenye kabamazepini, ini halitulii siku hiyo hiyo. Huchukua takriban wiki 4. Katika wiki hizo endelea kujilinda kama vile ungali unaitumia.

Walio kwenye dawa za kifua kikuu wasidhani haya hayawahusu. Rifampisini huliamsha ini kwa nguvu kuliko hata Tegretol. Efavirenzi, dawa ya HIV ambayo zamani ilitumiwa na wengi nchini, nayo hupunguza nguvu ya kijiti. Wengi sasa wamehamishiwa dolutegraviri, ambayo haina tatizo hilo. Mwanamke aliye na magonjwa mawili au matatu kwa pamoja ataje dawa zote, hata ile inayoonekana haihusiani.

Na dharura ikitokea? P2, kama tunavyoiita, nayo ni homoni na nayo huvunjwa haraka. Tangu 2016 mamlaka ya dawa ya Uingereza inashauri mwanamke anayetumia dawa zinazoamsha ini, au aliyezitumia ndani ya wiki 4 zilizopita, ameze P2 kwa kiwango maradufu, yaani miligramu 3 badala ya 1.5, mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Ndiyo sababu kwenye duka la dawa haitoshi kusema "nipe P2" na kuondoka. Mwambie mfamasia unatumia nini. Iliyo na uhakika zaidi ni koili ya shaba, ikiwekwa ndani ya siku 5, na ukishawekewa inaendelea kukulinda.

Homoni inapoishusha dawa

Lamotrijini inakwenda kinyume. Hii hutolewa kwa kifafa na kwa baipola, hasa kwa wanaoshuka sana moyo, na madaktari wanaipenda kwa wanawake kwa kuwa ni salama zaidi katika ujauzito kuliko wenzake wengi. Lakini estrojeni, mojawapo ya homoni mbili zilizo kwenye tembe za kawaida za kupanga uzazi, hulifanya ini liitoe lamotrijini kwa haraka. Kiwango chake kwenye damu kinaweza kushuka kwa takriban nusu.

Fikiria maana yake. Mama ametulia miezi minane. Anaenda kliniki ya kupanga uzazi, anapewa tembe, anaanza kuzimeza vizuri kama alivyoelekezwa. Wiki chache baadaye anaanguka tena, au anaanza kukosa usingizi na kulia bila sababu. Nyumbani watasema ameacha dawa, au ugonjwa umekuwa sugu. Daktari asipojua habari za tembe ataongeza kiwango. Halafu inafika ile wiki ya mwezi ambayo tembe hazina homoni, lamotrijini inapanda ghafla, na mama huyo anaona kizunguzungu na vitu viwili viwili. Akiacha tembe bila kumwambia daktari, mambo huwa hayo hayo.

Dawa haina kosa hapo, wala tembe haina kosa. Ni kwamba hazikupaswa kuanzishwa bila waliozitoa kujuana. Njia zisizo na estrojeni, yaani Depo, kijiti au koili, kwa kawaida haziishushi lamotrijini hivyo. Na ikiwa mwanamke anazitaka tembe hizo, daktari anaweza kupanga upya kiwango cha lamotrijini kabla hajaanza.

Klozapini, dawa ya skizofrenia inayotumiwa pale nyingine zinaposhindwa, hufanya tofauti: tembe zenye estrojeni huipandisha. Usingizi mzito na mate mengi baada ya kuanza tembe ni jambo la kurudi nalo kliniki upesi.

Valproeti, na mtoto asiyetarajiwa

Valproeti, wengi wanaijua kama Epilim, haipunguzi nguvu ya njia yoyote ya kupanga uzazi. Hatari yake iko kwingine. Katika kila watoto 10 ambao mama zao waliitumia wakati wa ujauzito, karibu 1 huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, na mojawapo ya kasoro hizo ni uti wa mgongo kutofunga. Watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kusema na kutembea, au hupata shida ya kujifunza shuleni. Mwaka 2023 WHO ilisema wazi kwamba dawa hii isitumiwe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Bado wapo wanaoitumia, wengine kwa sababu ndiyo pekee iliyowatuliza. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika mwezi wa kwanza wa mimba, wakati ambapo mama wengi bado hawajajua kwamba wamekosa hedhi. Kusubiri mpaka mimba ionekane ndipo useme ni kuchelewa. Mwanamke wa umri wa kuzaa aliye kwenye valproeti anastahili mazungumzo ya aina mbili na daktari: kama kuna dawa nyingine inayoweza kumfaa, na ni njia gani ya uhakika ya kupanga uzazi ataitumia kwa sasa. Akitaka mtoto, aseme kabla ya kushika mimba, ili abadilishiwe dawa taratibu na aanzishiwe tembe za foliki.

Tafadhali, usisome aya hii kisha ukatupe dawa chooni. Kuacha valproeti au dawa yoyote ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo huua. Kuacha dawa ya baipola ghafla kunaweza kumrudisha mtu wodini ndani ya wiki chache. Rudi kliniki, hata kama tarehe yako haijafika.

Hedhi ikikatika

Haloperidoli, risperidoni, Largactil na Modecate hupandisha homoni iitwayo prolaktini, ile inayotengeneza maziwa ya mama. Ikipanda, hedhi inaweza kuchelewa au kukatika kabisa, na wengine huona maziwa yakitoka ilhali hawanyonyeshi. Mwanamke huyo akidhani ana mimba, anahangaika. Akidhani amekuwa tasa, anaacha kujikinga. La pili ndilo baya zaidi. Yai linaweza kukomaa mwezi wowote, na akibadilishiwa dawa, kwa mfano akahamishiwa olanzapini, hedhi na uwezo wa kuzaa hurudi, pengine kabla hajaona tone la damu.

Mkanganyiko huzidi akiwa kwenye Depo, ambayo nayo hukata hedhi. Pima mimba ukiwa na shaka; kipimo ni rahisi. Pia mwulize muuguzi kuhusu uzito na mifupa. Depo huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, na olanzapini na valproeti huongeza pia, hata sana. Anayebeba mawili kwa pamoja apimwe uzito na shinikizo la damu kila anapofika. Depo ikitumiwa miaka mingi hupunguza uimara wa mifupa kidogo, na prolaktini iliyopanda hufanya hivyo pia. Sababu hizo hazitoshi kuikataa sindano, ila zinatosha kuizungumzia kila baada ya miaka michache.

Je, homoni zenyewe huvuruga akili?

Swali hili huulizwa sana, na mara nyingi wanaoulizwa hulipuuza. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo baada ya kufuatilia kumbukumbu za wanawake zaidi ya milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 34. Kwa wasiotumia homoni, takriban 1.7 kati ya kila 100 kwa mwaka walianzishiwa dawa za msongo kwa mara ya kwanza. Kwa waliotumia, walikuwa 2.2. Tofauti ipo, ni ndogo, na ilionekana zaidi kwa wasichana wa umri wa kubalehe. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba homoni ndizo zilizoleta msongo.

WHO haimzuii mwanamke mwenye msongo wa mawazo kutumia njia yoyote ya homoni. Hata hivyo mwanamke anayejijua ndiye shahidi. Kabla ya kuanza njia mpya, andika kwenye daftari unavyolala na moyo ulivyo, kisha uendelee kuandika kwa miezi 3. Ukishuka, rudi. Kijiti na koili hutolewa siku yoyote mwenyewe akitaka, na muuguzi hana ruhusa ya kukwambia umalizie miaka kwanza. Faida ya njia za muda mrefu, kwa upande mwingine, ni kubwa kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili: siku za kushuka ni vigumu kukumbuka tembe kila jioni, na siku za kupanda juu mtu anaweza kufanya mambo ambayo akitulia asingeyafanya. Ni vyema kuchagua ukiwa umetulia.

Miaka ya hedhi kukoma

Mama wa miaka 47 anayeamka usiku amelowa jasho, moyo unamwenda mbio na hasira haziishi, anaweza kudhani ugonjwa wake wa zamani umerudi. Pengine ni hedhi inaaga. Pengine ni yote mawili, maana estrojeni ikishuka, baadhi ya wanawake wenye baipola au skizofrenia huzidiwa, na wapo ambao skizofrenia huwaanza katika umri huu. Naye mama wa miaka 40 aliyekatikiwa na hedhi kwa sababu ya risperidoni asiambiwe haraka kwamba amefika ukomo.

Tiba ya homoni ya umri huu si njia ya kupanga uzazi, lakini sheria za ini ni zile zile: kabamazepini huipunguza nguvu, nayo estrojeni inaweza kuishusha lamotrijini. Estrojeni ya kumeza huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, zaidi ya ile inayopakwa au kubandikwa kwenye ngozi. Mwenye mji wa mimba huhitaji homoni ya pili pamoja nayo. Kwa wasiofaa kutumia homoni, dawa fulani za msongo kama venlafaksini hupunguza joto hilo la ghafla, na mtu anaweza kupata nafuu mbili kwa tembe moja.

Uamuzi ni wa nani

Wapo mabinti huletwa na jamaa na kudungwa sindano bila kuelezwa ni ya nini, kwa kuwa "huyu hajielewi". Wapo pia wake ambao waume au mama wakwe ndio wanaojibu maswali yote kliniki. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, za uzazi zikiwemo. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 inatambua haki ya mtu mwenye ugonjwa wa akili kuelezwa matibabu yake, kushiriki katika kuyapanga na kuyakubali. Ugonjwa wa akili haumwondolei mwanamke haki ya kutaka mtoto, wala ya kutotaka. Anayempeleka ndugu yake amsaidie kufika na kukumbuka tarehe, kisha amwachie muuguzi nafasi ya kuongea naye peke yake.

Ukienda kliniki yoyote kati ya hizo mbili, beba pakiti za dawa zote au picha zake kwenye simu, pamoja na dawa za miti shamba. Moja ya kuangalia ni mmea unaouzwa mijini na mtandaoni kwa jina la St. John's wort kama dawa ya msongo. Nao huliamsha ini kama Tegretol. Ikiwa dirishani kuna watu, si lazima useme kwa sauti. Mwonyeshe muuguzi pakiti, au mwombe mlango ufungwe. Na uombe jina la njia unayopewa na tarehe yake viandikwe kwenye daftari la kliniki ya akili pia, kwa sababu daktari wa zamu ijayo huenda asiwe yule anayekujua.